Vipande Kumi na Sita

Mimi mkono wangu ni mlegevu, nakubali. Nikishika sindano ya kroshia uzi unapita kati ya vidole bila kubanwa, na kazi inatoka laini, inamlalia mtu vizuri akijifunika. Mkwe wangu, yaani mama yake mume wa binti yangu, mkono wake umekaza. Kipande akikifuma yeye, unaweza kukisimamisha mezani kikasimama chenyewe. Siku moja nilimwambia kwamba kazi yake si ya kufunika mtu, ni ya kuziba dirisha mvua isiingie. Akanijibu kwamba ya kwangu ni ya kuchujia chai. Tangu siku hiyo tukaelewana.

Tunaongea Kiswahili kwa sababu hatuna lugha nyingine ya kutukutanisha. Mimi nilifika Kampala kutoka Bukavu na watoto watatu na mfuko mmoja wa nguo, na Kiswahili changu ni cha kule kwetu. Yeye ni mtu wa kaskazini mwa Uganda, mjane wa askari, na Kiswahili chake alikiokota kambini, alikohamishwa na mumewe miaka yote, mahali ambapo hakuna mwenye muda wa kupamba maneno. "Mimi hapana taka." "Wewe kuja hapa." Mwanzoni nilidhani ananitukana. Kumbe hata akikupenda anakuambia hivyo hivyo.

Nauza vitenge Nateete. Mteja akikosekana, nafuma. Vitambaa vya makochi ya nusu ya mtaa wetu vimetoka mikononi mwangu, na nikiingia nyumba ya mtu nikakuta kitambaa changu kimewekewa sufuria ya moto juu yake, nasema hapo hapo, sisubiri kesho. Ndivyo nilivyo. Binti yangu huyu, mtoto wangu wa mwisho, anasema mdomo wangu ungekuwa mguu ningekuwa nimeshafika Bukavu na kurudi.

Alipopata mimba ya kwanza nilifuma blanketi jeupe. Jamani, nililifuma kwa majivuno. Lilipokwisha nikalianika kwenye kamba uani, na wala halikuwa limelowa. Nilitaka tu majirani waone. Wakaona, wakasifu, wakauliza siku zimebaki ngapi. Mtoto akazaliwa ametimia, ana kucha, ana nywele nyingi. Hakulia. Tulimsubiri alie na hakulia. Blanketi lile lilikwenda naye.

Wa pili alitoka mapema mno, kabla hata sijanunua uzi. Binti yangu hakulia kwa sauti mara zote mbili. Alikuwa akikaa tu mlangoni anaondoa mawe kwenye mchele, sahani moja ya mchele, tangu asubuhi mpaka saa saba. Uchungu wa mwana aujua mzazi, wanasema, na mimi nilikuwa na uchungu wa wajukuu wawili na wa mwanangu juu yao.

Basi mimba ya tatu ilipoingia hatukuitaja. Mume wake, askari kama baba yake, alikuwa ametumwa kazini mbali, kwa hiyo binti yangu alirudi kukaa kwangu, na sote wawili tukazungumza habari za nyanya na za kodi huku tumbo linakua katikati yetu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi nilikuwa nikishtuka kila akichelewa kutoka chooni.

Mkwe ndiye aliyelivunja lile jiwe la kimya. Alikuja Jumapili moja kutoka kwake Bwaise, ameketi kwenye pikipiki wima kama ofisa, na mfuko wa uzi wa sufu mapajani. Akaingia, akamwaga vidonge vya uzi juu ya meza, vya kila rangi.

"Tunafuma," akasema.

Binti yangu akasimama akataka kutoka nje. Mkwe akamshika mkono, taratibu.

"Kaa, mwanangu. Sikiliza. Sisi kwetu, mtoto hajalia, hapana shona nguo yake. Mimi najua. Lakini tunafuma vipande tu. Kipande si blanketi. Kipande unaweka juu ya redio, nani atasema ni ya toto? Na kila moja mtindo yake. Ikifanana, mtu atasema hii ni kitu moja. Isifanane. Toto ikilia, siku hiyo hiyo tunaunganisha."

Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa maombi na mambo ya miiko niliyaacha ng'ambo ya mpaka. Nilisema kwa sauti, kama kawaida yangu. Binti yangu ndiye aliyenigeukia, na macho yake yalikuwa ya yule mtoto niliyembeba mgongoni siku tulipotoka kwetu.

"Mama, nakuomba. Mfume, lakini usiunganishe. Niahidi."

Nikaahidi. Ningefanya nini?

Tukapanga vipande kumi na sita vya mraba, vinane vyake na vinane vyangu. "Ukubwa gani?" nikauliza. "Shubiri moja kila upande," akasema, akanyoosha kiganja hewani. Nami nikanyoosha changu. Wanawake wawili wenye wajukuu, tumefuma maisha yetu yote, tukaonyeshana viganja kutoka ncha mbili za meza na tukaridhika. Hakuna aliyefikiri kwamba shubiri ya mwanamke mrefu wa kaskazini na ya mfupi kama mimi haziwezi kuwa moja.

Miezi ile ilikuwa mizuri, lazima niseme. Nilifuma konokono, kile kipande kinachoanzia katikati na kuzunguka na kuzunguka. Nilifuma ua la alizeti, nikafuma nyota, nikafuma mawimbi, nikabomoa mawimbi nikayafuma tena. Mkwe alileta macho ya samaki, ngazi, na kimoja cha vinundu vinundu ambacho alisema ni mahindi ya kuchoma. Kila Jumapili alileta kimoja na kula wali kwangu, na kila Jumapili tulikiweka juu ya redio ili kila kitu kiwe kweli. Redio yangu haijawahi kuvaa vizuri namna ile. Binti yangu alikuwa akipita anavigusa kwa ncha ya kidole na kuendelea na shughuli zake.

Mimba ilipoingia mwezi wa nane mkwe akaleta kipande chake cha mwisho. Alipoondoka nikavipanga vyote kumi na sita juu ya kitanda. Loo! Vyake vilizidi vyangu kwa vidole viwili kila upande. Ilikuwa kama kuwapanga wanafunzi wa darasa la saba na wa la kwanza mstari mmoja.

Mtu mwenye akili angemwambia mwenzake wacheke. Mimi nina kiburi. Nikanunua uzi mweupe, nikavizungushia vyangu mistari ya nyongeza, kimoja baada ya kingine, mpaka vikafikia vyake. Siku tano kimya kimya, na mkwe sikumwambia neno.

Sasa ikabaki jambo la pili, na hili ndilo lililoniponza. Kipande cha mkono uliokaza kikiunganishwa na cha mkono mlegevu, kile cha kwanza hukivuta cha pili, kona zikakunjamana, na blanketi likajaa vilima. Nilijua siku ya mtoto kulia hakutakuwa na nafasi ya makosa. Nikajiambia nijaribu viwili tu, nione kama vitalala. Asubuhi ile binti yangu alikuwa amekwenda kliniki kupimwa. Nikachukua macho ya samaki ya mkwe na konokono wangu, nikaviunganisha kwa uzi uliokunjwa mara tatu, nikafunga fundo, nikavitandaza. Vikalala bapa kama maji ya beseni.

Basi nikaongeza cha tatu, nione kama navyo vitatu vitalala. Kisha cha nne, maana vinne ndivyo vinavyofanya kona. Mkono ukishika kazi hauulizi ruhusa. Nilipoinua kichwa, chai yangu ilikuwa imepoa na safu mbili zimekwisha, na nitakuwa mwongo nikisema kwamba hapo sikukumbuka ahadi. Niliikumbuka. Nikaunganisha mbili zilizobaki.

Nikalitandika kitandani, nikasimama mlangoni kuliangalia. Lilikuwa zuri, jamani. Lilikuwa zuri mpaka likanitia hofu. Nikalikunja, nikalificha ndani ya sanduku chini ya vitenge vyangu, nikajiambia kesho nitalifumua. Kesho ikaja na kesho yake. Kila nikifungua sanduku nalitazama, nasema, ah, acha leo. Juu ya redio nikaweka kitambaa cha zamani, na binti yangu hakuuliza vipande vimekwenda wapi. Nikashukuru kwamba hakuuliza.

Wiki tatu kabla ya siku zake, Jumatano asubuhi, alikuwa anaosha vyombo uani. Nikasikia sahani imeanguka. Nilipotoka nikamkuta ameshika ukuta na maji yamemtoka.

Nilikodi teksi ya jirani, nikampigia mkwe simu. Nilichukua beseni, chupa ya chai, karatasi ya nailoni wanayoitaka wodini, kitenge kimoja. Kisha nikarudi ndani, nikafungua sanduku, nikalitoa blanketi, nikalisokomeza ndani ya mkoba wangu chini kabisa ili asilione. Nitakuambia ukweli kwa nini. Niliogopa kuliacha limekamilika mle ndani, linamsubiri mtu.

Hospitalini walimpima, wakaitana, wakampima tena. Nesi akanitokea akasema mtoto amelala upande, hawezi kupita, wanampeleka mama yake kupasuliwa. Akaniambia niketi kwenye benchi la barazani. Mlango ukafungwa. Mvua ikaanza, ile mvua ya Kampala inayopiga mabati kama ina deni lako.

Mimi mtu wa maombi nilikuwa nimeketi pale, na maneno ya maombi yalikuwa yamenikimbia yote. Nililokuwa nalo ni moja tu: ni mimi. La kwanza nililianika kwenye kamba watu walione, mtoto hakulia. Na hili nimeliunganisha, nimeombwa na nimeahidi, na nimeliunganisha. Nikalitoa kwenye mkoba, nikachukua kimkasi changu cha uzi, nikaanza kukata mafundo. Mungu wangu, nilisema, kosa ni langu, usimtoze yeye. Nilikata mshono, nikavuta uzi, kipande kikaachia, nikakiweka pembeni. Kingine. Kingine tena.

Vilikuwa vimekwisha achia vitano mkwe alipofika. Bwaise ilikuwa imejaa maji, kama kawaida yake mvua ikinyesha, na alikuwa amevuka kwa miguu mpaka barabarani. Viatu mkononi, tope hadi magotini. Akasimama mbele yangu, akaangalia mapaja yangu.

"Hii nini?"

"Blanketi."

"Nani aliunganisha?"

"Mimi."

Nilimsubiri anifokee. Kusema kweli nilitaka anifokee, angenizaba kofi ningemshukuru, kwa sababu asiyesikia la mkuu huvunjika guu na mimi nilikuwa nimeliona langu likivunjika. Yeye akaweka viatu chini ya benchi, akafuta mikono kwenye sketi, akaketi, akavuta upande wa pili wa blanketi juu ya mapaja yake.

"Makasi?"

"Ninayo moja tu."

Akainamisha kichwa akaanza kukata uzi kwa meno.

Tukafumua hivyo, yeye upande ule na mimi upande huu, mvua inapiga, watu wanapita wanatuangalia. Baada ya muda akainua kipande changu cha alizeti, akakigeuza.

"Hii nyeupe pembeni, nani aliweka?"

"Mimi. Vipande vyako vilikuwa vikubwa."

"Hapana. Ya kwako ilikuwa kidogo."

Akashika mkono wangu, akaunyoosha, akaweka kiganja chake juu ya changu. Vidole vyake vilizidi vyangu kwa pingili nzima. Tukaitazama ile mikono. Nilisikia kicheko kikinipanda, katika saa ile na mahali pale, na yeye mabega yakaanza kumtikisika. Halafu cheko likaisha na mkono hakuuachia. Akaubana kwa ule mkazo wake wote. Mwanamke huyu alikuwa amepoteza wajukuu wale wale wawili niliowapoteza mimi, na mpaka siku ile sikuwa nimewahi kumwambia pole.

"Pole, mkwe," nikasema.

"Pole na wewe."

Vikabaki viwili vya mwisho, macho ya samaki na konokono, vile nilivyoanza navyo. Uzi wake ulikuwa ule wa mara tatu, na fundo nilikuwa nimelizamisha ndani. Nikajaribu kimkasi, kikateleza. Mkwe akajaribu meno. Akatema nyuzi, akanilaani kwa lugha yake.

Hapo ndipo tuliposikia. Sauti nyembamba, kali, ya mtu aliyeamshwa bila kuombwa ruhusa. Ikakatika, ikaanza tena kwa nguvu zaidi. Mkwe akakamata paja langu mpaka nikaumia. Huenda alikuwa mtoto wa mtu mwingine, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumdai.

Mlango ukafunguliwa. Nesi, Mganda mnene mwenye uso wa furaha, akatazama barazani. "Bajjajja!" akaita, ndivyo wanavyowaita bibi huku. "Mtoto wenu wa kike amekuja na hasira zake. Mama yake mzima. Nipeni cha kumfunika, upesi, ni mdogo."

Nikampa kitenge. Akaona vile vipande viwili vilivyoshikana mapajani mwa mkwe, akavichukua navyo, akaondoka. Nilipoinuka kumzuia, mlango ulikuwa umeshafungwa.

Walituruhusu kuingia wodini mchana, mvua imekatika. Binti yangu alikuwa macho, midomo imemkauka, na mtoto amelazwa ubavuni mwake ndani ya kitenge changu. Kifuani juu ya kitenge wamemwekea vile vipande viwili, kimoja cha mkwe na kimoja changu. Vilimtosha kuanzia kidevu hadi miguu. Alikuwa amelala amekunja ngumi na uso umekunjamana. Hasira ile naijua ilikotoka.

Binti yangu alikuwa anaviangalia vile vipande.

"Mama," akasema. "Na vingine viko wapi?"

"Vingine vipi?"

"Vile kumi na vinne."

Nikaanza kueleza kwamba vipo, viko kwenye mkoba, tulivileta tu, si unajua tulikubaliana mpaka mtoto alie. Akafumba macho.

"Mama, usinichekeshe, naumia. Nililiona. Nilikuwa natafuta kitenge kwenye sanduku lako, nikalikuta."

Nikamwangalia mkwe. Mkwe akaangalia dirisha.

"Nilikasirika siku hiyo," binti yangu akaendelea, pole pole, kwa sababu kila neno lilikuwa linamvuta tumbo. "Nikataka kulitupa. Halafu nikasema, huyu ndiye aliyefuma la kwanza, na ndiye aliyemfunika nalo. Kama yeye ameunganisha lingine, basi anaamini huyu atakuja. Mimi nilikuwa siamini, Mama. Kwa hiyo kila ukienda Nateete nilikuwa nalitoa, najifunika tumboni. Nalala nalo mpaka saa zako za kurudi zikikaribia, nalikunja vile vile ulivyolikunja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungelifumua."

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Wale wawili wa kwanza sikuwalilia mbele yake hata mara moja, nilijizuia ili yeye asianguke. Siku hiyo nililia mbele ya wodi nzima, nikiwa nimeufumbata ule mkoba, mpaka mama wa kitanda cha pili akanipa leso yake.

Mkwe aliniacha nilie kidogo. Kisha akautoa mkoba mikononi mwangu, akavimwaga vipande vyote juu ya miguu ya binti yetu, akatoa sindano yangu mkobani, akanishikisha.

"Toto imelia," akasema. "Unganisha."